Mtani Hakuambiwa

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Shadya alikwenda kwenye stoo ya nyuma ya jiko akalishika kufuli. Alilivuta mara mbili, kama mtu anayepima jino bovu, kisha akaupapasa ufunguo uliofungwa fundo kwenye pindo la kanga yake. Hapo ndipo siku yake ilipoanza. Ndani ya stoo hiyo kulikuwa na majembe, pampu ya kupulizia kabichi na dawa za shambani. Zamani dawa hizo zilikaa chini ya kitanda cha Yunusi, mdogo wake, kwa sababu chini ya kitanda hapavuji na kuku hawafiki, na nyumba nyingi za mlimani pale hufanya hivyohivyo. Tangu mwezi wa tatu zilikaa nyuma ya kufuli. Mjomba Halidi alipoliona aliuliza wanamfungia mwizi gani. Mwizi huyo Shadya alikuwa anamjua, tena alishaingia mara moja.

Kijiji chao kiko juu ya Mlali, mahali ambapo mashamba yamelala ubavuni mwa mlima mpaka kiazi kikikuponyoka unakwenda kukiokota kwa jirani. Shadya alikuwa na miaka kumi na minane. Shule aliiacha kidato cha kwanza, mama yao Hidaya alipoumwa mgongo akashindwa kushika jembe, na mjomba akaamua kwamba atakayebaki shambani ni yeye, Yunusi aendelee. Watu walimwita bubu. Si kwamba hakuwa na maneno. Maneno alikuwa nayo, ila aliona kijijini pale anayesema sana huwa anamfunika asiyesema, na yeye alipenda kuwaona wasiosema.

Ndiyo maana alimwona Yunusi. Aliona kuanzia mwezi wa kwanza, matokeo ya kidato cha pili yalipotoka na jina la Yunusi likawa upande wa wanaorudia darasa. Mwalimu mmoja alimsimamisha mstarini, akawaambia wenzake wampigie makofi shujaa wa kurudia, na wenzake wakapiga. Nyumbani mjomba naye akashika hapohapo. Yunusi akila, mjomba anasema anakula ugali wa bure. Akilala, anasema hata kuku wa kutaga hulala kidogo kuliko yeye. Yunusi aliyekuwa haachi mpira jioni akaacha. Aliyekuwa anaimba akioga akawa anaoga kimya. Usiku Shadya alimsikia akijigeuza kitandani mpaka jogoo anawika. Aliyaona yote, akayanyamazia, akidhani ni upepo utapita. Hilo hajajisamehe mpaka leo.

Alichokifanya Yunusi siku ile ya mwezi wa tatu hakina haja ya kusimuliwa. Inatosha kusema kwamba Shadya alirudi kutoka kuchuma njegere mapema kuliko kawaida, kwa sababu mvua ilimfukuza, akamkuta bado ana pumzi. Alimbeba mgongoni hadi kwenye barabara, akapanda naye bodaboda hadi Mlali, na kutoka Mlali gari la mchanga likawafikisha hospitali mjini. Njia nzima alimwita kwa jina. Dereva wa gari la mchanga alimwambia baadaye kwamba hajawahi kuona mtu anaita jina moja kwa saa nzima bila kupumzika. Huyo ndiye bubu wao.

Hospitali kulikuwa na muuguzi anaitwa Devotha, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anayekaa mtaa wa Kilakala, hapohapo mjini. Yunusi alipopata nafuu, Devotha alimvuta Shadya pembeni, wakakaa kwenye benchi la korido. Hakumpa pole nyingi. Alimwuliza kuhusu shule, usingizi, nani anamsema nyumbani, dawa za shamba zinakaa wapi. Shadya alipotaka kujua kosa ni lipi hasa, ni mtihani au ni mjomba, Devotha alisema haliwi jambo moja, huwa ni mzigo wa kuni ulioshindiliwa siku nyingi, na njiti ya mwisho watu huiita sababu. Akamwambia afunge zile dawa kwa kufuli na ufunguo aushike yeye. Akamwambia mtu aliyejaribu mara moja yuko karibu zaidi na mara ya pili kuliko mtu mwingine, kwa hiyo kliniki ya kila wiki mbili si hiari. Akamwambia akimwona ametulia ghafla, anagawa vitu vyake, anaaga kwa mafumbo, asisubiri tarehe, amlete siku hiyohiyo, hata kama ni kwake Kilakala. Kisha akasema neno ambalo Shadya alilibeba hadi mlimani kama mtu aliyebeba yai:

"Na muulize waziwazi, mwanangu. Usizunguke. Kumwuliza hakumpi wazo. Wazo analo tayari, anachokosa ni mtu wa kulishika naye."

Mlimani walipokewa na uongo uliokwisha kupikwa. Mjomba Halidi alikuwa ameshatangaza kwamba Yunusi alipatwa na homa ya tumbo. Aliwaketisha Hidaya na Shadya jikoni, akawaeleza kwa sauti ya chini kwamba sheria inasema mtu akijaribu kujiua ana kesi, askari watakuja, kijana atafungwa, na tena nani atakuja kuoa kwao akisikia. Shadya akasema muuguzi amewaambia yeye kazi yake ni kuuguza, hakamati mtu. Mjomba akamtazama kama anatazama mbuzi aliyesema. Hidaya akamshika mwanawe mkono. "Usilitaje," akamwambia. "Likitajwa linarudi."

Basi likawa halitajwi. Walikwenda kliniki mara mbili, na mara zote mbili Yunusi alirudi akiwa na rangi usoni, akazungumza njiani, hata akala mahindi mawili ya kuchoma. Mara ya tatu mjomba akakataza. Alisema ameshaulizwa mara mbili na watu kwamba homa gani ya tumbo inayotibiwa chumba cha vichaa. Yeye ndiye mjomba, na kwao Waluguru watoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo neno la kaka wa mama ndilo mlango wa nyumba. Baba yao yuko Kisaki huko relini, ana mke mwingine, na ukimpigia simu anauliza kwanza kama mvua imenyesha.

Sasa kuna jambo moja ambalo mjomba Halidi, kwa werevu wake wote, hakulifikiria. Lukolo wao, yaani ukoo wa mama yao, una watani. Mtani wao mkubwa ni Gervas, mpasua mbao, mtu wa miraba minne na mdomo usio na breki. Mtani ana ruhusa zake. Akikuta kuku uani kwako anamkamata anakwenda naye, na wewe huna la kusema. Kwenye msiba anaweza kulala kwenye jeneza akadai posho. Mgonjwa anamtembelea kwa matusi, kwa sababu wazee waliona kwamba kifo kikichekwa mlangoni kinaona aibu kuingia. Lakini mtani naye ana haki yake moja: haambiwi uongo. Mtu akiumwa, mtani ndiye wa kwanza kuelezwa kinachomsumbua, ili ajue pa kucheka na pa kunyamaza.

Gervas hakuambiwa. Aliambiwa homa ya tumbo kama watu wengine.

Kwa hiyo alikuja, akafanya kazi yake. Karibu kila alipopita kupeleka mbao chini alisimama uani, akaweka mzigo, akapaza sauti.

"We Yunusi, bado tu upo? Mbao zangu zinanyeshewa huko, nimekupasulia za kaburini tangu juzi. Huo ubwabwa wa matanga yako nitakula lini, mtumwa wangu?"

Uani wote wakacheka. Mjomba akacheka kuliko wote, maana kila kicheko kiliuthibitisha uongo wake. Hata Hidaya alicheka, amejifunika mdomo kwa kanga. Na Yunusi alicheka pia, kwa kuwa mtani hakasirikiwi. Shadya alikuwa anamtazama. Aliona meno yanacheka na macho yamekaa palepale, hayakusogea. Hasira ilimpanda tangu siku ya kwanza, hasira ile ya moto wa pumba, usioonekana juu ila ukitia mguu unaungua. Alimkasirikia Gervas. Kisha akaona anamwonea, Gervas alikuwa kisu tu, na kisu hakijishiki chenyewe.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa tano Yunusi alibadilika. Aliamka mapema, akafagia uwanja, akamsalimia mjomba shikamoo bila kuitwa. Jogoo wake mwekundu, ambaye Yunusi alikuwa halali bila kumwona amepanda mtini, akampa mtoto wa jirani. Viatu vyake vya mpira akavipeleka kwa mwenzake. Redio yake ndogo akaiweka kitandani kwa Shadya, akasema yeye haisikilizi siku hizi. Hidaya akafurahi, akasema Mungu mkubwa, mtoto amepona, tena amekuwa mkarimu. Mjomba akasema si unaona, kumbe dawa ni kumwacha bila kumdekeza.

Alhamisi Gervas akapita na mbao zake, akadai ubwabwa wake kama kawaida. Yunusi alikuwa ameegemea nguzo. Akatabasamu.

"Hautachelewa, mtani," akasema.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika magoti, maana lilikuwa jibu zuri, jibu la mtu anayejua utani. Shadya alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulimtoka mkononi, mchele ukamwagika wote, na mama yake akamgombeza kwa ule mchele.

Jioni hiyohiyo alimwendea mjomba, akamwambia Yunusi aende mjini kesho, siyo keshokutwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mjomba kitu kwa sauti ya kusimama. Mjomba akamjibu kwamba mpango umeshakaa. Jumamosi ukoo unakaa kikao, Yunusi atapiga magoti aombe radhi kwa kutaka kuwatia aibu, na Jumapili anapelekwa Kisaki kwa baba yake akachome mkaa, akakomae. Alisema mtoto wa kiume halii na hapelekwi kliniki, anapelekwa kazini. Shadya akauliza, na akifa huko? Mjomba akasema basi atakuwa amependa mwenyewe.

Usiku Shadya alitandika mkeka mlangoni mwa chumba cha Yunusi akalala hapo. Asubuhi alilishika kufuli mara mbili. Akamwomba mama yake, kwa jina la maziwa aliyomnyonyesha, asimwache Yunusi peke yake hata dakika ya kwenda chooni, akapanda mlima hadi kwenye jukwaa la kupasulia mbao la Gervas, mtu pekee ambaye mjomba hawezi kumkatalia.

Alimkuta Gervas juu ya gogo, msumeno mkononi. Kabla hajafika, Gervas akaanza kumkejeli, mtumwa wangu umetumwa kuleta kuku gani. Shadya hakucheka. Alisimama chini ya gogo, akamwambia yote, kuanzia matokeo hadi makofi ya mstarini, hadi mvua iliyomfukuza shambani, hadi kikao cha kesho. Alisema neno lenyewe, kujiua, akalirudia, mlima ukasikia na haukuanguka.

Gervas aliuweka msumeno chini. Alishuka, akakaa juu ya vumbi la mbao.

"Nimemwambia mara ngapi?" akauliza.

"Nilihesabu hadi kumi na moja, nikaacha."

"Na alicheka."

"Alicheka. Jana akakujibu."

Gervas alilikumbuka jibu. Shadya aliona linavyomfika, taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Mtu yule mkubwa alijipangusa uso kwa kiganja chenye vumbi la mbao, na vumbi likabaki usoni. Alisema kwa miaka thelathini amecheka vitandani mwa watu, na hakuna aliyewahi kumfanya achimbe kaburi la mtoto kwa mdomo wake. Aliuliza kikao ni saa ngapi.

Jumamosi walikaa barazani, saa nne ya asubuhi, jua limeshatoka nyuma ya mlima. Wazee sita, wanawake kwenye mkeka, mjomba Halidi kwenye kiti chenye mgongo. Yunusi aliketishwa katikati, juu ya kigoda cha kukunia nazi, magoti yamefika kidevuni. Mjomba alizungumza muda mrefu. Alisema juu ya heshima, juu ya mababu, juu ya vijana wa siku hizi wanaotafuta kuonewa huruma. Hakusema kujiua hata mara moja. Alisema jambo, alisema mambo yale, alisema ule upuuzi. Wazee wengine waliitikia bila kujua wanaitikia nini. Kisha akamwamuru Yunusi apige magoti.

Yunusi alianza kushuka kwenye kigoda. Hakubisha. Uso wake ulikuwa wa mtu anayelipa nauli ya mwisho ili ashuke. Hapo ule moto wa pumba ukatoka juu.

Shadya alisimama kutoka kwenye mkeka wa wanawake, akapita katikati ya wazee bila kuinama wala kusema hodi, akachuchumaa mbele ya mdogo wake.

"Yunusi. Unataka tena kujiua?"

Mzee mmoja akasema astaghfirullah. Hidaya akaziba masikio. Mjomba akanyanyuka kitini. Yunusi alimtazama dada yake, na macho yale, yaliyokuwa hayasogei, yakasogea.

"Ndiyo," akasema. Sauti haikufika hata mwisho wa baraza. "Nilijiambia, baada ya kikao."

Kisha akasema, "Humu ndani hakuna aliyewahi kuniuliza." Akaanza kulia, kilio cha kelele cha mtoto mdogo, kamasi na yote, na Shadya akamkumbatia pale chini juu ya sakafu. Aliwaambia wazee wote, mmoja mmoja akiwataja kwa heshima zao, baba mkubwa, babu, mjomba, kwamba mtoto alikuwa anakufa mbele yao miezi mitatu na walichokiona ni aibu. Kwamba walimfungia mdomo mgonjwa kisha wakashangaa haongei. Kwamba mwalimu aliamuru makofi, na wao wakaendeleza makofi hayo hadi leo.

Mjomba alikuwa ameshainua mkono. Haukushuka, kwa sababu Gervas alikuwa ameingia uani.

Alikuja bila mbao na bila kelele. Wazee wakaanza kutabasamu kwa mazoea, wakisubiri tusi. Alimpita mjomba, akainama, akamshika Yunusi kwapani akamsimamisha, akamweka ubavuni mwake kama mtu anavyoshika kuku wa uani.

"Leo sichukui kuku," akasema. "Nachukua huyu."

Mjomba akajaribu kucheka. "Mtani, acha masihara, tuko kwenye kikao."

"Ni masihara. Ndiyo maana huwezi kukataa." Gervas hakuwa anacheka. "Mlinidanganya, Halidi. Homa ya tumbo. Mmenitumia ulimi wangu kumsukuma mtoto shimoni. Nakudai faini, na faini yangu ni hii. Atakaa kwangu nikitaka, atakwenda hospitali nikitaka. Siku utakayoweza kumnyang'anya mtani alichochukua, uniite nikuone."

Kila mzee pale alijua kwamba kumkatalia mtani ni kuomba asikanyage kwenye mazishi yao, na mazishi bila mtani ni kutupa. Mzee mmoja akatazama miguu yake. Mwingine, aliyekuwa ameitikia kuliko wote, akamwuliza mjomba kwa sauti ya chini hiyo homa ya tumbo ilikuwa ni nini hasa. Gervas akaanza kutoka na Yunusi, ameuzungusha mkono mabegani mwake, akimwambia kitu sikioni ambacho watu wengine hawakukisikia.

Shadya alifuata. Mjomba Halidi, aliyeshindwa na mtani, akaona mtu anayemweza.

"Wewe si mtani," akamwambia. "Ukivuka hapo, usirudi. Utakuwa umejitoa katika ukoo."

Shadya alisimama ukingoni mwa baraza. Alimtazama mama yake, aliyekuwa bado amekaa mkekani na mikono masikioni, kisha polepole akaishusha. Shadya alifungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akaenda kumwekea mama yake kiganjani, akamfumba vidole.

"Livute mara mbili kila asubuhi, mama. Bado kuna watoto wanaopita humu."

Hidaya akatikisa kichwa kukubali. Mdomo wake ulitaka kusema kitu, na Shadya alisubiri, alisubiri kweli, kwa sababu kusubiri maneno ya wasiosema ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Hidaya akasema, "Nenda. Usimwache."

Chini kwenye barabara Gervas alikuwa ameshasimamisha bodaboda mbili, anamwuliza Yunusi kama Kilakala anapafahamu, na Yunusi anasema anapafahamu kidogo. Shadya alishuka ngazi za baraza akiwa na kanga aliyovaa tu. Mjomba alimwita jina lake, mara ya kwanza kwa amri, mara ya pili kwa namna nyingine. Hakugeuka. Ukingo huo wa baraza aliuvuka siku hiyo, na hajauvuka tena.